Nitoe fedha za korosho nikanunue pointi za likizo Dubai?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Shangani, hapa Mtwara. Nina miaka 41, mume na watoto watatu. Mimi ni wakala wa forodha. Ofisi yangu ndogo iko karibu na bandari, na msimu wa korosho ukishaanza, Oktoba mpaka baada ya mwaka mpya, usingizi nausikia kwa jirani. Kazi hii inanipeleka Dar mara kwa mara, na Dubai mara moja au mbili kwa mwaka kufuatilia mizigo ya wateja. Kwa miaka sita nimekuwa nikilala kwenye hoteli za kampuni moja, na kwenye akaunti yangu ya mteja wa kudumu zimejikusanya pointi 148,000. Nimewahi kuzitumia mara moja tu, mwaka jana, nilipolala Dar usiku mmoja kwa pointi 20,000. Siku hiyo chumba kilikuwa kinauzwa dola 140 pamoja na kodi.

Mwezi uliopita nilikuwa Dubai na rafiki yangu anayefanya biashara ya vitenge. Tukiwa mapokezi, dada mmoja mchangamfu akatualika kifungua kinywa cha bure, akatuahidi na vocha ya duka, mradi tukae dakika 90 tuwasikilize. Tulikaa saa nne, Shangazi. Kijana aliyetuhudumia alichora duara kwenye karatasi akaniuliza kwa miaka sita nimelipa hoteli kiasi gani. Nikamtajia. Akalikata lile duara kwa kalamu nyekundu akasema, "Hizo zote umempangishia mtu. Hapa utamiliki." Kila mtu aliyesaini meza ya jirani kengele iligongwa na ukumbi mzima ukapiga makofi. Meneja alikuja mara mbili, na kila akija bei inashuka. Ilianza dola 14,500, ikaishia dola 9,600. Rafiki yangu alisaini palepale.

Ofa yenyewe ni hii. Nalipa dola 9,600, napata pointi za likizo 4,000 kila mwaka kwa miaka 25. Wiki moja kwenye fleti ya chumba kimoja, msimu wa kawaida, ni pointi 4,000. Msimu wa sikukuu ni 7,000. Kuna ada ya matunzo dola 520 kwa mwaka. Mwaka ambao siendi, naweza kuzigeuza pointi 4,000 za likizo zikawa pointi 60,000 za hoteli, zikaingia kwenye akaunti yangu. Nikisaini napewa zawadi ya pointi za hoteli 100,000 na kadi ya dhahabu. Kijana anasema zile 148,000 nilizonazo "zitaozea kwenye simu", lakini nikinunua zitakuwa zinazaa kila mwaka. Nilipofika nyumbani niliangalia kwenye mtandao, fleti kama ile inapangishwa dola 95 kwa usiku.

Anapiga simu kila baada ya siku mbili. Anasema ofa inafungwa Ijumaa, nitume kwanza dola 1,500. Kwenye akaunti yetu ya pamoja kuna shilingi milioni 26, fedha za shamba letu la Tandahimba, misimu miwili. Mume wangu ni mwalimu. Nilimgusia kidogo bila kumtajia bei, akanijibu, "Nyumba ya Mikindani haijaezekwa, mama, halafu tununue usingizi wa Dubai?" Nikanyamaza. Lakini moyoni naona kama yeye hasafiri ndiyo maana haoni. Na rafiki yangu ananiambia nachelewa. Nifanyie hesabu, Shangazi, maana mimi nimeshindwa kujua kama naona mbali au naona ninachotaka kuona.

Mama wa Watatu, Mtwara

* * *

Marahaba mwanangu.

Usisaini, na zile dola 1,500 usizitume. Nakwambia mapema kwa sababu Ijumaa iko karibu. Sasa tukae tuhesabu.

Kwanza tuite kitu kwa jina lake. Hicho unachouziwa wenyewe wanakiita taimusheya. Kwa lugha ya nyumbani ni kununua zamu: unalipa leo ili uwe na haki ya kukaa siku kadhaa kila mwaka kwenye jengo la mtu mwingine. Zamani walikuwa wanauza wiki maalumu, kwa mfano wiki ya pili ya Julai, kila mwaka wiki hiyohiyo. Siku hizi wengi wanauza pointi, kwa sababu pointi zinanyumbulika, na pia kwa sababu mtu akisikia pointi 4,000 haoni fedha. Mwenye kampuni ndiye anayeamua pointi 4,000 zinanunua nini, na kwenye mikataba mingi anaruhusiwa kubadilisha. Wewe umeshika stakabadhi ya ghala la korosho mkononi, unajua inavyokuwa: imeandikwa kilo, daraja na ghala. Stakabadhi ya zamu haina kilo.

Hesabu nitaianzia kwenye barua yako mwenyewe, maana umenipa kipimo kizuri kuliko ambacho ningekitafuta mahali pengine popote. Ulilala Dar kwa pointi 20,000 siku ambayo chumba kilikuwa dola 140. Maana yake pointi elfu moja za hoteli, mkononi mwako, zilikuwa na thamani ya dola saba. Hicho ndicho kipimo. Si alichosema kijana, si kilichochapishwa kwenye kipeperushi. Ni fedha ambayo ungeitoa mfukoni usiku ule na hukuitoa. Kwa kipimo hicho, 148,000 ulizonazo ni kama dola 1,036. Zawadi ya pointi 100,000 ni dola 700. Na zile 60,000 za kila mwaka ni dola 420.

Rudi nyuma usome ada ya matunzo. Dola 520.

Yaani mwaka ambao hukusafiri, ukaamua kuzigeuza pointi za likizo ziwe za hoteli ili "zizae", utakuwa umetoa dola 520 ukapokea kitu cha dola 420. Umenunua pointi kwa hasara ya dola mia, na hapo bado hatujaigusa ile 9,600. Niliposoma barua yako mara ya kwanza niliiweka chini nikaanza tena, nikidhani nimekosea kusoma. Sikukosea. Jambo walilolipamba kuliko yote ndilo linalokuumiza kuliko yote.

Pengine utasema Dar ni rahisi, kuna hoteli ambako pointi elfu moja zinaweza kukuokolea dola kumi. Sawa, zipo siku za namna hiyo. Weka dola kumi: 60,000 zinakuwa dola 600, toa ada 520, unabaki na dola 80 kwa mwaka. Kwa dola 80 kwa mwaka, kuirudisha bei uliyolipa kutachukua zaidi ya miaka mia moja, hata ukiihesabu na ile zawadi ya kusaini. Mkataba ni wa miaka 25.

Haya, tuseme huzigeuzi, unakwenda kulala kweli. Umeniambia fleti kama ile inapangishwa dola 95 kwa usiku, na nimefurahi kwamba uliangalia, wengi hawaangalii. Usiku saba ni dola 665. Mwenye zamu analipa ada 520. Ameokoa dola 145. Chukua 9,600, toa dola 700 za zawadi, inabaki 8,900. Gawa kwa 145. Ni zaidi ya miaka 61, mwanangu. Ungekuwa na miaka 102 siku fedha yako inaporudi.

Najua kijana atakwambia bei za hoteli zitapanda. Zitapanda, ndiyo. Na ada itapanda nazo, tena ada ndiyo yenye uhakika wa kupanda, kwa sababu hiyo kampuni ndiyo inaipanga. Ikiongezeka asilimia 5 kwa mwaka, mwaka wa kumi na tano utakuwa unadaiwa dola 1,030. Tofauti yenu ni kwamba mwenye kupanga akiona bei imekuwa kubwa anakaa nyumbani mwaka huo, wewe hata ukikaa nyumbani ankara inakufuata. Machi 2020 Dubai iliposimamisha ndege za abiria kwa sababu ya korona, wenye zamu sehemu nyingi duniani waliendelea kudaiwa ada za vyumba wasivyoweza kuvifikia. Na jengo likitaka ukarabati mkubwa, kampuni nyingi huwatoza wanachama mchango wa ziada juu ya ada. Tafuta hilo kwenye mkataba, limo.

Sasa hebu tuangalie maisha yako, maana barua yako imejaa kazi na imetaja watoto mara moja tu. Watoto wako wana likizo ndefu lini? Juni na Desemba. Desemba wewe unazungukwa na makontena ya korosho bandarini, na Desemba hiyohiyo fleti ni pointi 7,000 wakati una 4,000. Itabidi ulimbikize miaka miwili upate 8,000, utumie 7,000, elfu moja ibaki inaning'inia mpaka iishe muda. Kwa hiyo wiki moja ya sikukuu itakugharimu ada mara mbili, dola 1,040, kabla hujakata tiketi za watu watano kutoka Mtwara mpaka Dar na kutoka Dar mpaka Dubai, na viza zao. Juni unaweza kwenda. Juni Dubai ni joto la kukaa ndani, na ndiyo maana vyumba vinapatikana.

Mimi nilikaa dirishani benki miaka mingi kabla ya kuanza kazi hii ya kujibu barua. Kulikuwa na baba mmoja mtaratibu sana, kila Januari alikuja kutuma dola nje kwa ajili ya "nyumba ya likizo". Alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo, anatoa ankara, anaweka miwani, anasoma tarakimu kwa sauti ndogo halafu ananipa. Siku moja nikamuuliza nyumba yenyewe ikoje. Akaniambia amefika mara mbili. Amelipa mara kumi na moja. Nikamuuliza kwa nini asiiuze. Alikunja bahasha yake pole pole akasema amejaribu, hakuna anayeitaka hata bure, kwa sababu atakayeipokea anapokea na ankara. Uso wa baba yule ndio ulionikalia machoni nilipokuwa nasoma barua yako, na ndio ulionifanya nijibu kwa haraka.

Alichosema ni kweli mpaka leo. Huko Marekani, ambako biashara hii ni kubwa kuliko kwetu, watu huzitangaza zamu zao kwenye soko la mtandaoni la eBay kwa dola moja, na nyingine hazipati mteja. Hilo neno "utamiliki" alilokwambia kijana lipime hapo. Shamba la Tandahimba unalimiliki: ukipata shida utaliuza, ukifa watoto watarithi mikorosho. Hii zamu kuiuza ni tabu, na kifungu cha urithi kwenye mkataba usikisome juu juu, maana kuna mikataba inayowafuata warithi na madeni.

Kuna watu inawafaa, sitaki nikudanganye. Mtu anayeishi saa mbili au tatu kwa gari kutoka hapo, anayekwenda palepale kila mwaka na wajukuu, aliyeinunua kwa mtu wa pili kwa bei ya kutupa na ana uhakika wa kulipa ada mpaka mwisho. Wapo, na wanafurahi. Wewe si huyo. Na hata ungekuwa huyo, usingeinunua kwa bei ya mezani pale ukumbini.

Kuhusu pointi zako 148,000, hapo kijana alisema nusu ya ukweli, na nusu hiyo uichukue. Pointi za hoteli si akiba. Zinaweza kufa: programu nyingi za wateja wa kudumu, ile ya hoteli za Marriott iitwayo Bonvoy ikiwemo, huzifuta ukikaa miezi 24 bila kuongeza wala kutumia. Na zinaweza kupungua nguvu zikiwa zimekaa tu. Marriott hao hao mwaka 2022 waliacha ile jedwali ya kuonyesha hoteli hii ni pointi kadhaa, siku hizi bei ya pointi inapanda na kushuka pamoja na msimu. Basi dawa ya pointi zinazooza ni kuzila. Ng'ombe mgonjwa hatibiwi kwa kununua mwingine wa dola 9,600.

Zile pointi umezipata kwa usiku ambao ungelala kazini hata kama zisingekuwepo, hazikukugharimu shilingi. Ndiyo maana ni nzuri. Siku unapoanza kutoa fedha ili uzipate, zinaacha kuwa zawadi, zinakuwa bidhaa, na bidhaa lazima uiulize bei. Angalia kama programu yako ina utaratibu wa usiku wa tano bure. Baadhi wanao, ukilala usiku tano mfululizo kwa pointi unakatwa nne. Kwa bei ile uliyowahi kupata, ni pointi 80,000. Mchukue baba watoto mkakae Dar siku tano baada ya msimu, wawili tu, awe amekaa pale dirishani na wewe anywe kahawa uliyomlipia kwa usiku wako wa kazi. Umesema hasafiri ndiyo maana haoni. Msafirishe aone. Zitakazobaki lalia safari zako za kazi, ile fedha ya chumba ibaki ofisini.

Watoto nao usisubiri Dubai. Ufukwe wa Msimbati uko palepale mlangoni kwenu, na kuna watoto wengi wa Mtwara mjini hawajawahi kuukanyaga. Kilwa Kisiwani, magofu yaliyomo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, ni safari ya siku moja kwa gari kupitia Lindi. Nauli ya mtoto mmoja kwenda Dubai inawabeba wote.

Kadi ya dhahabu nisiipotezee muda. Kwa safari zako huenda ukaipata kwa kulala tu. Fungua programu uone umebakiza usiku mangapi.

Lililo gumu zaidi kwangu ni hili la mumeo. Dola 9,600, ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, ni milioni 24. Kwenye akaunti kuna 26. Hiyo ni salfa ya msimu ujao, ni palizi, ni paa la Mikindani, na ni jasho lake pia, maana najua walimu wenye mashamba wanavyotumia likizo zao. Wewe ulimgusia bila bei. Nadhani hukuitaja bei kwa sababu ulishajua atakavyosema, na ulishajua atakuwa na haki. Simlaumu mtu aliyekaa saa nne kwenye ukumbi wa makofi akatoka amechoka akili. Ukumbi ule umetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini leo uko Shangani, hakuna kengele. Mwonyeshe karatasi yote, na tarakimu ya chini kabisa aione kwa macho yake. Alichosema kuhusu usingizi wa Dubai alikisema kama mtu anayeogopa kuachwa nje ya jambo. Mrudishe ndani.

Sasa rafiki yako, na huyu ndiye ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu ameshasaini na bado anakuvuta ili asibaki peke yake. Mwambie aufungue mkataba leo atafute kifungu cha kughairi. Nchi nyingi zimewalazimisha wauzaji kumpa mnunuzi siku za kujutia: Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2008, unampa siku 14 na unakataza kupokea malipo yoyote ndani ya siku hizo; jimbo la Florida kule Marekani linampa siku 10. Yeye alisaini Dubai, basi yanayomhusu ni yaliyoandikwa kwenye karatasi yake na sheria ya huko. Hata kama siku zimepita, aandike barua pepe ya kughairi, ataje namba ya mkataba na tarehe, ahifadhi nakala, halafu amtafute wakili kabla ya kulipa awamu nyingine. Asitegemee kwamba Tume ya Ushindani yetu hapa itamrudishia fedha kirahisi. Sheria yake ya 2003 inamlinda mlaji wa Tanzania, lakini kumfuata muuzaji aliye nchi nyingine ni mlima. Na akipigiwa simu na mtu anayesema ana mteja wa kuinunua zamu yake, atume tu ada ndogo ya maandalizi, akate simu. Hao ni wezi wanaowinda watu waliokwisha kuumia.

Wewe Ijumaa kijana akipiga, usimweleze hesabu hizi. Ana majibu ya kila hesabu, amefundishwa. Mwambie, "Nimezungumza na mume wangu, hatununui, naomba uifute namba yangu." Atakuuliza kwa nini. Mwambie hivyohivyo tena, kisha kata. Ukisikia bei imeshuka mpaka 7,000, usishtuke, ada haijashuka.